Mwalimu Uongo na Pampu ya Tuzo

Kasiva Musembi alizaliwa Kasikeu, kwa watu wa kulima ndengu, na tangu utotoni alikuwa na ulimi ambao mama yake aliuombea kanisani miaka mingi bila jibu. Hakuwa mtundu. Alikuwa na dharau tu. Mhubiri mgeni alipowasimulia jinsi mvua ilivyosimama hewani kwa nguvu ya maombi, Kasiva, wa miaka kumi, alitaka kujua ilisimama dakika ngapi na ni nani aliyekuwa na saa.

Akasomea uhandisi, kisha akafundisha miaka sita katika chuo kimoja cha ufundi upande wa mji wa Wote. Wanafunzi huko walimwita Mwalimu Uongo, maana hilo ndilo neno aliloliandika kwa wino mwekundu kwenye ripoti zao. Mtu akidai jiko lake linapunguza kuni kwa nusu, na kuni zenyewe hakuwahi kuzipima, alirudishiwa karatasi yenye neno hilo moja.

Alipofika miaka thelathini na tatu akarudi chuo kikuu kusomea uzamili wa uhandisi wa maji. Alichagua kuchunguza kutu. Pampu za mikono za kusini mwa Kitui zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine, na yeye alitaka kujua kama ni maji ya huko, yenye ukali, yanayoyala mabomba ya chuma yaliyoshushwa ndani ya visima. Wenzake darasani waliona ni mada ya kuhurumiwa. Aliyeona hivyo zaidi ya wote ni Kiema.

Kiema alikuwa kijana wa Wote, mwerevu, mwenye viatu safi na maneno mengi. Yeye alitengeneza kidude kidogo cha kufungwa kwenye mpini wa pampu. Kila mpini ukipanda na kushuka, kidude kilihesabu, na kila jioni kilituma hesabu hiyo kwa simu hadi kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo, alisema, angeweza kukaa Wote na kujua watu wa Ikutha, huko kusini mwa Kitui, wametumia maji kiasi gani. Alipenda sana kusema hivyo. Kasiva alimsikia akisema hivyo mara nne kwa wiki moja, na mara ya nne alimuuliza, "Na wao watajua nini kuhusu wewe?" Kiema akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha.

Yeye na Kasiva walikuwa chini ya msimamizi mmoja, Daktari Wangui, na wote walifanyia kazi pampu moja, iliyo nje kidogo ya soko la Ikutha. Pampu hiyo ilikuwa imefanyiwa ukarabati mwezi wa Novemba na kuwekewa mabomba mapya ya chuma. Siku ya ukarabati huo Kiema alifunga kidude chake, na Kasiva akapima kina cha maji na kuhesabu: mtungi wa lita ishirini ulijaa kwa mipigo hamsini na tano.

Mwezi wa Julai Kasiva alirudi Ikutha kuchukua maji ya kupima. Mwenyekiti wa kamati ya pampu, mama wa makamo aliyeitwa Mama Nduku, alimngoja amalize kujaza vichupa vyake, kisha akamwambia, "Mwalimu, haya maji yamekimbia mbali. Siku hizi tunapiga mpaka mabega yanauma."

"Ni kiangazi, mama," Kasiva akajibu. "Maji ya ardhini hushuka." Akaokota kijiti akamchorea mchangani: hapa juu ya ardhi, hapa maji yalipokuwa, hapa yaliposhuka. Mama Nduku aliutazama mchoro, akamtazama mchoraji, akasema ameelewa. Kasiva akaandika daftarini kwamba maji yameshuka. Hakuyapima. Kupima kungemlazimu afungue kichwa cha pampu, na jua lilikuwa kali.

Septemba kukawa na sherehe ya tuzo za wanafunzi wabunifu, katika ukumbi mmoja wa kukodi mjini Wote. Kulikuwa na mahema nje, fulana zenye maandishi kifuani, na wageni waliotambulishwa mmoja mmoja mpaka chai ikapoa. Kijana mmoja alionyesha roboti ya kupanda mbegu iliyotembea hatua mbili ikalala. Ikapigiwa makofi. Binti mwingine alikuwa na kikaushio cha maembe, na hakukuwa na embe hata moja ndani yake wala karibu yake. Kasiva, aliyeketi nyuma kabisa, alijiona amerudi kanisani na miaka yake kumi.

Kisha akapanda Kiema. Ukutani ikatokea grafu, mstari wa kijani uliopanda kama mlima. "Tangu tufunge kifaa hiki," alisema, "matumizi ya maji Ikutha yamezidi maradufu. Jamii imeikubali teknolojia." Ukumbi ukasimama. Akapewa tuzo ya kwanza, kioo chenye jina lake.

Kasiva hakusimama. Alikuwa akiitazama ile grafu. Kaya zilikuwa zile zile sitini. Mifugo ilikuwa imepelekwa malisho ya mbali tangu Agosti. Ni nani basi aliyekuwa akinywa mara mbili? Hakuna mtu anayepata kiu zaidi eti kwa sababu mpini umefungwa kidude. Ndipo akakumbuka mabega ya Mama Nduku, na uso ukamwaka moto pale pale kwenye kiti.

Jumanne yake alikuwa Ikutha pamoja na fundi wa pampu aliyeitwa Mulei, mtu mnene asiyependa maneno. Kasiva akashika mpini mwenyewe. Mtungi ulijaa kwa mipigo mia moja thelathini na miwili. Wakafungua kichwa cha pampu, akashusha kamba ya kupimia. Maji yalikuwa pale pale yalipokuwa Novemba, hayajashuka hata mita moja.

"Basi ni mabomba," Mulei akasema.

Waliyavuta asubuhi nzima. La kwanza lilitoka zima. La pili lilikuwa na madoa. La tatu Mulei aliligonga na spana, na kipande kikubwa kama kiganja kikaanguka miguuni pake. Lililofuata lilikuwa na matundu kama ungo. Maji yalikuwa yakipandishwa na wanawake wa Ikutha, na zaidi ya nusu yakirudi kisimani kabla ya kuuona mwanga. Kila pigo la bure lilihesabiwa na kidude na kutumwa Wote, na huko likaitwa maendeleo.

Mama Nduku alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Kasiva akamwendea.

"Mama, Julai uliniambia, nami nikakupuuza."

"Hukunipuuza," Mama Nduku akasema. "Ulinichorea."

Kasiva alikuwa amewadharau watu wengi maishani, na mara nyingi walistahili, lakini siku hiyo alijiona ni wa kundi lao. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa wa Julai, akaukata kwa mstari mmoja na kuandika tarehe ya siku hiyo.

Aliporudi alimtafuta Kiema akamwonyesha picha za mabomba. Kiema alizipitia haraka.

"Kifaa changu kinahesabu mpini, na mpini umehesabiwa sawasawa," alisema. "Kutu ni mada yako."

"Ulisema ni matumizi ya maji."

"Kasiva, kama ni wivu, sema."

Daktari Wangui alikuwa mwanamke wa kupima maneno, na kwake tuzo ilikuwa sifa ya idara. Alimsikiliza Kasiva, kisha akamwambia ayaandike yote, pamoja na kosa lake la Julai. Kasiva akayaandika. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja kutoka nje, mzee mwenye tai pana, alifungua kurasa za picha za kutu na kukunja pua.

"Kuhesabu mipigo na mtungi," alisema. "Hii si kazi ya fundi?"

"Ni ya fundi, daktari," Kasiva akajibu. "Fundi akikosea, watu wanakosa maji. Sisi tukikosea tunapewa tuzo."

Daktari Wangui aliinamia karatasi zake kama anayetafuta kitu. Mzee wa tai akauliza swali jingine, la zinki inayopakwa chuma kisishike kutu, na hilo Kasiva alilijibu kwa adabu hadi mwisho. Walimpitisha, kwa masharti ya kurekebisha sura mbili.

Lakini Daktari Wangui hakuliacha jambo hapo. Wiki mbili baadaye aliwapakia wanafunzi wake wote wawili kwenye gari lake dogo akawapeleka Ikutha, kwa pampu nyingine iliyokuwa bado na mabomba ya zamani, ambako watu wa Mama Nduku walichota wakati yao ikingoja mabomba mapya. Kiema alikuwa hajafika Ikutha tangu siku ya kufunga kidude. Mama Nduku alimsalimia vizuri, akaweka mtungi chini ya mdomo wa pampu, akamwonyesha mpini.

"Mgeni wetu ajaze mmoja," alisema.

Kiema akaanza kwa madaha. Kwenye mpigo wa arubaini alivua koti. Kwenye wa themanini mtungi ulikuwa bado haujafika katikati, na wanawake waliokuwa foleni walikuwa wamekaa juu ya mitungi yao, wakimtazama. Alipofika mia moja na sabini mtungi ulijaa, akaachia mpini, akashika kiuno.

"Kila siku ni hivi?" akauliza.

"Mitungi sita kila nyumba," Mama Nduku akasema. "Wewe si unatuona ukiwa Wote?"

Tuzo Kiema hakuirudisha, na hakuna aliyemwomba airudishe. Picha yake na kile kioo bado imebandikwa kwenye korido ya idara. Ila alibadilisha kidude chake kipime na maji yanayotoka mdomoni mwa pampu. Akaandika makala juu ya mabadiliko hayo, na jina la Kasiva akaliweka mwishoni, kwa shukrani, kati ya dereva na mlinzi wa chuo. Kasiva aliisoma, akasema dereva na mlinzi ni watu wa heshima, akaifunga.

Pampu ya Mama Nduku iliwekewa mabomba ya plastiki mazito kabla ya Krismasi, ikarudi kwenye mipigo hamsini na sita, mmoja tu zaidi ya mwanzo. Kasiva alipata shahada yake akarudi kufundisha. Daktari Wangui alimpigia simu akimtaka aanze uzamivu, naye akasema atafikiria zikishatengenezwa pampu kumi na moja za Ikutha zilizobaki na mabomba ya chuma. Jumamosi alizopata nafasi alikwenda na Mulei, wakivuta mabomba pampu moja baada ya nyingine. Kufikia Aprili walikuwa wamefika ya saba, na fundi huyo asiyependa maneno alikuwa ameanza kuhesabu mipigo kwa sauti.