Maji ya Kwanza ya Shangazi Edina

Shangazi yangu Edina hasomi gazeti bila kuninyang'anya miwani, lakini gome la mti hulijua kwa kulinusa tu. Anaishi Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, amewatibu watu wa mwambao kwa miaka arobaini, na ana maneno makali kwa yeyote anayeharakisha dawa. Mimi ameniita mvivu mara nyingi kuliko alivyoniita Regina.

Dawa yake ya sukari ni gome la mti ambao sitautaja. Hulichemsha, kisha humwaga maji yote ya kwanza, mekundu na mazito, mbali na nyumba, mahali ambapo hata kuku hawafiki. Gome lilelile hulichemsha tena, na hayo ya pili, mepesi, ndiyo humpa mgonjwa. Ukimuuliza sababu, atakuambia mama mkwe wake alifanya hivyo, naye aliambiwa na waliomtangulia.

"Ya kwanza ni ya mti wenyewe," husema, na mjadala umeisha.

Mwaka jana mtafiti aitwaye Wilfred, aliyehamia Kigoma kutoka Morogoro, alimwomba gome hilo. Alikuwa anatafuta ndani ya mimea kitu cha kusaidia figo zilizoharibiwa na kisukari. Shangazi alimzungusha miezi mitatu, mwisho akakubali kwa sharti moja: apime maji yote mawili, aone kama wazee walikuwa wapumbavu.

Siku ya majibu nilimpokea shangazi Kigoma kwenye boti ya asubuhi, tukaenda pamoja kwa Wilfred. Wilfred alifunga mapazia ya maabara, akawasha taa ya zambarau juu ya kibao cheupe kinachotosha kiganjani, alichokuwa amekidondoshea maji yote mawili ya gome. Gome likafunguka mbele yetu. Mistari ya bluu, ya njano, mingine myekundu kama makaa, ikawaka pale ambapo dakika moja kabla hapakuwa na kitu. Kila mstari, alisema, ni kitu tofauti kilichokuwa ndani ya dawa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kumbe kilikuwa ndani ya sufuria ya shangazi siku zote.

"Vyote hivi vilikuwemo?" shangazi akauliza kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Safu zilikuwa mbili. Ile ya maji ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja mpana ambao ya pili haikuwa nao kabisa. Wilfred akaeleza polepole. Panya wenye kisukari walipopewa maji ya pili, protini iliyokuwa ikivuja kwenye mkojo wao ilipungua. Waliopewa ya kwanza, figo zao ziliharibika upesi. Panya si mtu, akaongeza, na kazi iliyobaki ni ya miaka. Lakini wanawake wale, bila taa wala vitabu, walikuwa wametenganisha sumu na dawa kwa sufuria na kuni.

Mimi nilitaka kupiga makofi. Shangazi yeye alinishika mkono.

"Regina, baba yako nilimpa gome akachemshe mwenyewe."

Baba yangu, Telesphory, ndiye kaka yake mkubwa, na anaishi Kasingirima, hapo hapo mjini Kigoma. Ana kisukari kwa miaka kumi na miwili, mkojo wake ulishaanza kutoa povu, na daktari alishamwonya kuhusu figo. Shangazi alikuwa amemwelekeza vizuri amwage maji ya kwanza. Shida ni kwamba baba husikia nusu, nusu nyingine huijaza mwenyewe.

Nikapiga simu, shangazi akamuuliza.

"Nimwage yenye rangi, ninywe yaliyochujuka?" baba akajibu. "Nakunywa yote. Ya kwanza ndiyo makali."

Alikuwa amekunywa siku sita. Tulichukua bajaji tukamfuata, nusu ya njia nilimkasirikia, nusu iliyobaki nilisali. Hospitalini kipimo cha figo kilikuwa kimepanda karibu mara mbili. Alilazwa, na shangazi akakaa kwenye benchi la wodi siku tisa bila kumgombeza mtu, jambo lililonitisha kuliko kipimo chenyewe. Siku ya kumi kipimo kikashuka. Hakikurudi pale kilipokuwa, lakini daktari alisema figo zitamtosha akifuata vidonge vyake.

Baba akaanza tena ubishi wake. Akamwomba dada yake amchemshie kwa mkono wake, maji ya pili tu. Shangazi, ambaye sikuwahi kumsikia akikiri kutojua, akamwambia hajui kiasi sahihi cha kumpa, hajui dawa yake inaelewana vipi na vidonge vya hospitali, na mpaka Wilfred amalize kazi hatampa hata tone. Baba akanung'unika kwamba wazee walijua.

"Walijuaje, kaka?" akamuuliza taratibu. "Kuna mtu aliyanywa yale maji, ndipo wakajua. Hata jina lake hatukuambiwa. Wewe nimekuwahi."

Baba akanyoosha mkono, akaniomba vidonge vyake na maji.