Matanga ya Mwimbaji wa Kokoto

Niliondoka Kensington Jumamosi asubuhi, nikiwa nimebeba chapati ndani ya kitambaa na ujumbe wa mama wa mtu mwingine. Mama Simiyu ni jirani yetu wa Kitale, na tangu baridi ya Sydney ianze alikuwa akinipigia simu kwa neno lile lile. Mwanawe mkubwa, Simiyu, alifariki wakati mipaka imefungwa kwa sababu ya corona. Mdogo wake, Wekesa, anayefanya kazi ya kutunza wazee huku Penrith, aliyatazama mazishi kwenye simu, na mtandao ukakatika jeneza likiwa bado juu ya kamba. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya mama yake. Alijibu kwa maandishi tu: niko kazini, Mama. Na kwetu nguo za marehemu hazigawanywi mpaka ndugu yake wa tumbo moja aseme neno. Basi nguo za Simiyu zilikuwa bado sandukuni, na mama mtu analala nazo chumba kimoja.

"Nenda umwone," aliniambia. "Hata akikufukuza, utakuwa umemwona."

Sikuweza kwenda mapema kwa sababu tulikuwa tumekatazwa kwenda mbali na mitaa yetu, na Penrith iko ukingoni kabisa mwa jiji, upande wa magharibi. Amri zilipolegezwa, kabla hata sijapanga siku, Wekesa mwenyewe akaandika kwenye kundi la simu la Waafrika wa kanisa lao, ambamo nami nimo: "Tumepata msiba. Karibuni kwangu Jumamosi mchana." Nilifurahi, kama inaruhusiwa kuufurahia msiba. Nikampigia Mama Simiyu, nikamwambia mwanawe ameweka matanga ya kaka yake hatimaye. Alisema Bwana asifiwe, kisha akaanza kulia.

Katikati ya jiji nilishuka kwenye tramu na kuingia kituo cha treni. Watu walikuwa wachache, wote na barakoa, na kila mmoja alikaa kiti cha peke yake kama aliyenuniwa na wenzake. Mimi nasomea uhandisi wa maji na nilikuwa nimekaa miezi mingi chumbani na kompyuta, kwa hiyo hata kuona mgongo wa mtu nisiyemjua kulinipendeza. Mijakaranda ilikuwa imechanua nyuma ya nyumba za watu. Nilipoiona nilikumbuka Nairobi, nikageuza uso dirishani mpaka macho yakauke.

Baada ya Parramatta safari inakuwa ndefu: paa, ua, paa, ua, mara ghala kubwa lisilo na dirisha. Niliwawaza wale ndugu wawili. Simiyu alikuwa fundi redio pale sokoni kwetu. Siku moja aliletewa redio iliyokufa, akaifungua, akakuta kanda imekwama ndani. Mwenye redio akasema kanda si yake. Ilikuwa ya bendi ya roki ya Marekani iitwayo Gravel Sunday. Simiyu alitafuta maana ya jina katika kamusi, akaona gravel ni kokoto, na tangu hapo bendi ikawa Kokoto. Mtaa mzima ulikuwa ukicheza rumba, na katika kibanda kile kimoja Wazungu walikuwa wakigombana na magitaa yao. Mimi nilikuwa nikipita pale nimeziba masikio, na Simiyu alikuwa akiongeza sauti akiniona. Alikuwa mchokozi, Mungu amlaze pema.

Mchana, Penrith. Joto la huko halina adabu. Nilifika kwa Wekesa nguo zimenigandia mgongoni. Nyumba yake ina ua mpana wa nyasi, na viti vilikuwa vimepangwa kwa kuachana. Familia moja ya Wakongo wa Bukavu, Papa Bahati na Mama Bahati na binti yao mkubwa, walikuwa wamekwisha kuwasili na sufuria ya maharagwe na kreti ya soda, na tayari walikuwa katikati ya wimbo wa kanisani. Nilifunga leso kiunoni, nikaingia nikiitikia. Machozi yalikuwa karibu.

Halafu nikaiona picha. Juu ya meza, kando ya mshumaa, alikuwa amewekwa Mzungu mwenye mvi ndefu, ameshika kipaza sauti.

Nilimvuta Wekesa pembeni. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa hazijaguswa na wembe.

"Huyo ni nani?"

"Mwimbaji wa Kokoto. Corona imemchukua wiki hii."

"Wekesa. Nimemwambia mama yako unamwekea Simiyu matanga."

"Mimi niliandika msiba, Nafula. Sikuandika wa nani."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya yule mama aliyelia kwenye simu, kwa ajili ya chapati zangu, na kwa ajili ya wageni waliokuwa wakimwombea Mmarekani asiyewajua. Nilimwambia Mama Bahati ukweli, nikidhani atakusanya sufuria yake aondoke. Alinitazama bila haraka.

"Kwetu hatuulizake jina ku mulango," alisema. "Unaingia, unaikala, unalia. Jina itakuya yenyewe."

Binti yake, aliyekuwa anaelewa kila neno, alitazama picha akasema, "Never heard of him, Mum," kwamba hajawahi kumsikia, na mama yake akamwashiria anyamaze, maana yuko msibani.

Papa Bahati ndiye aliyeongoza. Ni mtu wa taratibu. Hata kwenye ua wa nyumba ya kupanga alivaa koti. Alisimama na kusema, "Bon. Marehemu ni marehemu. Lazima historia yake isomwe. Nani hapa anamujua muzuri?"

Wekesa akasimama. Hakuwa na karatasi. Alianza kama wasifu wa marehemu unavyosomwa kwetu: alizaliwa wapi, wazazi akina nani. Alisema vijana wanne wa mji mdogo wenye kiwanda cha karatasi walianza kupiga muziki katika gereji ambamo baba wa mmoja wao alitengeneza matrekta. Albamu ya kwanza haikununuliwa hata na jirani zao.

"Ya pili ndiyo ile kanda," alisema. "Simiyu alikuwa ametoka tu shule. Mpiga ngoma anaingia kwa kuchelewa kwenye wimbo wa kwanza. Simiyu alisema amechelewa makusudi, ili umngoje."

Akaendelea. Albamu ya tatu iliwapa jina, wakajaza viwanja vya mpira. Hiyo yeye na kaka yake waliipata mwaka ambao Simiyu alihamia kibanda chenye mlango wa chuma. Kisha mpiga ngoma akagombana na mwimbaji, akaondoka, na Kokoto wakatoa albamu mbovu. Simiyu aliisikiliza mara moja, akaitumia kanda kufungia waya. Mwimbaji akapoteza sauti, akakaa kimya muda mrefu. Wakati huo Simiyu alioa. Mpiga ngoma akarudi bila kuombwa, wakazunguka dunia mara ya mwisho, na ziara hiyo ikachapishwa kwenye fulana nyeusi, majina ya miji yote yamepangwa mgongoni. Simiyu aliiokota fulana moja kwenye mitumba ya Kitale.

"Ndipo nilipolisoma jina la Sydney kwa mara ya kwanza," Wekesa alisema. "Mgongoni mwa Simiyu. Alikuwa ameinama anachomelea waya, mimi nikamsoma. Nikamwuliza huko ni wapi. Akasema, nenda ukaone, uniambie kama kweli walifika."

Hapo akakwama. Hasira yangu yote ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimegundua, na nadhani wote tulikuwa tumegundua, kwamba hakuna hatua hata moja ya bendi ile aliyoweza kuitaja bila kumtaja kaka yake.

Mama Bahati alimwuliza Wekesa kwa upole kabisa, "Na huyu Simiyu mwenye unataja kila mara, papa, yeye iko wapi leo?"

Wekesa aliketi.

"Amekufa," alisema. "Kaka yangu amekufa, na mimi sikumtia hata udongo."

Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile. Papa Bahati alivua koti, akamfunika nalo mabegani, katika joto lile lile, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha akaanzisha wimbo upya, ule ule, tangu ubeti wa kwanza, kwa sababu sasa jina lilikuwa limekuja.

Alasiri ya Sydney ni asubuhi ya Kitale. Wekesa alinyoosha mkono, nikampa simu yangu, akapiga mwenyewe, kwa video. Mama Simiyu alipokea akiwa zizini.

"Mama, nisamehe."

"Umekonda," mama yake akasema. "Hawakulishi?"

Akamwuliza nguo zifanywe nini. Wekesa akasema suti apewe mjomba, vyombo vya ufundi vimngoje mtoto wa marehemu akue. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama ile fulana nyeusi bado ipo.

"Zile nyingine ziko sandukuni zinakungoja," alisema. "Hii ilikataa kukaa. Naivaa nikija kukamua."

Akasogeza simu mbali, tukaiona: fulana ya Kokoto juu ya gauni, mikono imekunjwa, na madoa ya maziwa. Alimpa simu mtu aliyekuwa naye, akageuka, akatupa mgongo.

"Simiyu aliniambia wewe umeandikwa hapa," alisema bila kugeuka. "Sisomi herufi hizi bila miwani, na mgongo wangu siuoni. Uko wapi?"

Wekesa alisogeza uso kwenye simu. "Chini kabisa, Mama. Mji wa tatu kutoka mwisho. Hapo, karibu na kiuno."

Mama Simiyu alipeleka mkono nyuma, akapapasa taratibu mpaka Wekesa akasema ndipo, akauacha pale.

"Leo nitapashona uzi mwekundu," alisema. "Nisikupoteze tena."

Tulikula. Kifo cha wengi harusi, na chapati zangu ziliisha kabla ya maharagwe.

Jioni nilipanda treni ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda kumpeleka mtu kwenye msiba wake na nimejifunza kwamba alikuwa ameshaanza safari hiyo, ila kwa kupitia njia ndefu, Marekani yote na viwanja vyake vya mpira. Nimejifunza pia kutouliza jina mlangoni. Baada ya Blacktown nilivaa visikilizi, nikautafuta ule wimbo wa kwanza wa albamu ya pili. Bado ni kelele. Lakini nilimngoja mpiga ngoma, na kweli, alichelewa.