Kengele Iliyomwita Shosho

Mnisamehe kwa mwandiko uliolala upande na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane na kalamu yangu haina haraka. Nikisikia harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya ikiyeyuka, narudi sebuleni kwetu mtaani Woodley, mwaka ule shosho, mama yake mama aliyeishi nasi, alipoanza kusahau. Alikuwa akitoka nje bila kujua aendako, na mjomba alikuwa ameonya kwamba akipotea tena atamhamishia kwake Murang'a, mbali nasi. Mimi na dada yangu Njeri, aliyekuwa kidato cha tatu, tukaapa kwamba hapotei.

Njeri alikuwa amejifunza shuleni kuandikia maagizo bodi ndogo ya kompyuta, isiyozidi kiberiti kwa ukubwa. Tukapenya umati wa River Road tukanunua bodi, sensa ya kuhisi mtu akipita, na kengele ndogo ya betri. Yeye akachomelea, mimi nikashika waya. "Usipumue," akaniambia, "leo wewe ni meza." Jirani alipoziona nyaya mlangoni akauliza kama tunafuga mwizi ama shosho. Jioni mama akapita pale, kengele ikalia, tukacheka hadi machozi.

Lakini mazoea yana tabu. Zamani, nyumbani kwake shosho, birika halikuwahi kutoka motoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila aliposogea mlangoni na kengele ikalia, yeye alidhani ni mgeni anabisha hodi. "Karibu, ingia, chai iko," alisema, akafungua. Kabla ya kengele, mara nyingi aligusa kitasa tu akarudi kuketi. Sasa kitu tulichoweka ili kimzuie ndicho kilichomwita. Njeri akasema ataitoa ile kengele Jumapili, tukitoka kanisani. Jumamosi tulikuwa nyuma ya nyumba tukifua, maji yakipiga ndoo kwa kishindo, wala hatukuisikia kengele ikilia.

Shosho alipatikana mtaa wa mbali, Muthangari, jua likitua. Askari wa lango moja alikuwa amempa kiti chake. Mkononi shosho alikuwa na kikombe, chai yote imemwagika njiani. "Huyo mgeni amekuja mara nyingi," akamwambia mama, "na kila mara anaenda bila kunywa. Nimeona haya, nikamfuata."

Mjomba alifika kesho yake. Hakumgombeza mtu. Shosho alituaga kwa adabu, kama watoto wa jirani, akaingia garini. Alifia huko kabla ya mvua za masika.

Siku hizi madukani kuna vifaa vilivyo tayari, vinavyotuma ujumbe kwenye simu bila kutoa sauti. Kimoja tu kingetutosha. Wageni nao hupiga simu kwanza, na wengi huishia kwenye hiyo simu. Mama hupika chai ya watu waliopo, basi. Mlango wetu ukifungwa, umefungwa. Ninyi mlio na wazee nyumbani, niandikieni mniambie: mnamzuiaje mlangoni mtu ambaye maisha yake yote aliufungua kwa ajili ya wengine?