Ulimi wa Fundi wa Kamera

Fundi wa kamera wa pale Mkuyuni alikuwa na testa ya kupimia umeme, lakini aliitembeza mfukoni tu kama kalamu ya mwenyekiti. Kazi aliifanya kwa ulimi. Dukani aliuparua waya kwa jino, aone kama ni shaba hadi ndani au ni chuma kilichopakwa rangi. Na ule umeme mdogo wa kamera, usioua mtu, aliugusisha ulimini huku amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Siku hiyo Okech, mlinzi wa Mama Wilhelmina kule Ilemela, alimfuata nyuma jasho likimtoka, maana kamera ya getini ilikuwa imezimika na mama alishamwambia, "Waya umeukata wewe, ili ulale vizuri. Fundi akiona alama ya kisu, leo leo unarudi kwenu Shirati."

Fundi akaonja kwenye swichi. "Huku umeme mzima." Akaonja getini. "Huku haufiki." Basi akaufuata waya taratibu hadi kwenye maungio, nyuma ya jiko, Mama Wilhelmina naye akiwafuata. Akalamba, akalamba tena, akameza mate.

"Haujakatwa, mama. Umeliwa na chumvi. Hii ni kayabo, samaki wa chumvi."

Mama akatazama chini. "Pale paka hawafiki," akasema polepole. "Niliwaanika mimi, juu ya waya."

Fundi hakucheka. Akabadilisha maungio, akafunga kamba ya katani pembeni. "Hii ndiyo ya samaki, mama." Kisha akamgeukia Okech. "Kaka, ugali hakuna? Ulimi umeshaanza kula."

Okech alikimbia kuusonga mwenyewe.