Posa ya Sikukuu ya Mapinduzi

Nyumbani kwetu, juu milimani Mponde, Sikukuu ya Mapinduzi ilikuwa na maana moja tu: shule imefungwa, kamata kapu uende kuchuma chai. Baba alikuwa akisema hayo ni mambo ya watu wa visiwani, sisi yanatuhusu nini? Chai haijui sikukuu. Ukiiacha inakomaa, na karani wa kituo cha kununulia majani anakukatalia.

Mwaka juzi nikapenda mtu wa Unguja. Nilipenda vibaya sana, mpaka nikitia chumvi kwenye mboga nasahau, natia tena. Akaomba kuja kuposa, na nafasi yake ilikuwa sikukuu hiyohiyo. Baba akakubali kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukataa moyoni. "Watu wa pwani hawajui jembe," akamwambia mama. "Waje tu. Watanikuta shambani."

Wakamkuta shambani kweli, yeye na mama yake. Mchumba wangu alivaa viatu vya kung'aa, na kila akipiga hatua mteremko unamrudisha alikotoka. "Shikamoo, mzee," akasema, huku ameshikilia mche wa chai asianguke. Baba akaitika marahaba bila kuacha kuchuma. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimebana kicheko na hofu kwa pamoja. Nilijua baba akisema hapana, ni hapana.

Mama yake mchumba, mwanamke mnene mcheshi, hakungoja kukaribishwa. Alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaomba kapu. "Kuchuma? Mie nimezaliwa nachuma!" Akauvamia mche. Akashika tawi, akavunja. Akashika jingine, akavunja. Majani machanga, majani mazee, vijiti, vyote kapuni! Alikuwa anachuma chai kama karafuu. Kabla sijafungua mdomo mche ulikuwa umenyolewa kipara.

Baba aliacha kuchuma. Nikajua posa yangu imekufa, na maiti yake ndiyo ile kapuni.

"Nani alikufundisha hivyo?" akauliza.

"Baba yangu," mama yule akajibu, mikono bado kapuni. "Alichuma karafuu za watu ujana wake wote. Mti si wake, kiwanja si chake, kibanda wakitaka wanamtoa. Yalipokuja Mapinduzi, baadaye wakagawa ardhi, naye akapewa eka tatu. Mie mdogo, lakini nakumbuka. Siku ya kwanza alikwenda kuuchuma mti wake mwenyewe, akalikumbatia shina akicheka peke yake. Tukadhani kapata wazimu."

Baba akaketi chini, kwenye majani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya saa za kazi.

"Mama yangu," akasema, "Mwingereza alimlazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko hapahapa, shambani kwake mwenyewe. Mimi niko mgongoni. Asipochimba, faini."

"Basi unanielewa," mama yule akasema, naye akaketi.

Wakaanza kuongea, wakasahau kama kuna posa. Eka ngapi, mvua ipi, mbolea gani. Kwa mara ya kwanza nikamsikia baba akiuliza habari za Mapinduzi, tena akiuliza kama mtu anayeulizia jamaa zake. Mchumba wangu na mimi tukabaki tumesimama kama miti ya kivuli, yeye kiatu kimoja kimezama topeni. Nikamkonyeza. Hakuthubutu kunikonyeza.

Hatimaye baba akainuka, akamshika kijana mkono na kuupeleka juu ya mche mzima. "Majani mawili na chipukizi. Hapa, siyo kule chini. Sitaki mkwe wangu anyoe miche yangu kama mama yake."

Mkwe wangu! Nikaliachia kapu, chai ya asubuhi nzima ikamwagika mteremkoni, na baba hakunigombeza.