Dawa ya Mzee Aliyepona

Jua limeshaanza kuuma mgongo Kasiva Muindi anapozima pikipiki katika boma la Mzee Musyoka, ng'ambo ya mto wa mchanga usio na maji. Havui helmeti. Anafungua sanduku lililo nyuma ya kiti, anatoa pakiti mbili za karatasi ya kaki na kuzishika kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Hodi, Susu."

"Karibu," anajibu Kalekye, mke wa mzee, kutoka jikoni. Hapa Ukambani bibi mzee huitwa Susu, na babu huitwa Umau. "Weka hapo kwa kiti. Ya mzee weka mbali na yangu. Hataki zikae pamoja."

"Kwani zitapigana?"

"Usianze."

Kasiva ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kupeleka dawa za wazee kutoka duka moja la dawa pale Kabati, kaunti ya Kitui, hadi vijijini. Watoto wa wazee hao wako mbali. Wanalipa kwa simu, duka linafunga dawa alizoandika daktari, naye anapambana na mchanga. Safari moja humpa shilingi mia mbili, na mafuta ni juu yake. Siku ambayo ameanguka mara moja tu, huiita siku nzuri.

"Mgongo wangu ni wa mtu wa miaka sitini," anasema. "Na nikifika sijamaliza. Mzee anataka salamu, anataka habari za mvua, anataka nimwambie ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni. Siwezi kurusha pakiti mlangoni nikaenda."

Ni kwa kukaa hivyo ndipo alipoona jambo ambalo boma hili bado halijamsamehe.

Dawa za presha za Kalekye hulipiwa na bintiye Mumbua, anayeuza matunda kando ya barabara kuu pale Salama, kaunti ya Makueni. Zamani Mzee Musyoka naye alikuwa na pakiti yake. Kisha, miaka miwili iliyopita, baada ya mkutano wa maombi, alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba presha yake imepona. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Hakuna aliyemwambia aache dawa. Yeye mwenyewe aliona kwamba mtu aliyeshuhudia hawezi kuonekana tena na tembe mkononi.

Kichwa kilipoanza kumgonga upya, hakumwambia mtu ila mkewe.

Siku moja Kasiva alimkuta Kalekye ameketi chini karibu na tangi la maji, ardhi ikimzunguka. Alikimbia ndani kumtafutia dawa. Mzee alikuwa mezani na pakiti ya mkewe, kikombe cha maji mkononi.

"Leo ni yangu," mzee alimwambia, bila haya wala hasira. "Yake ni kesho."

Kasiva alipotoka nje, Kalekye alimshika mkono. "Sasa umeona, nyamaza. Ukimwambia Mumbua, utakuwa umemvua baba yake nguo mbele ya kanisa. Niapie."

Kasiva aliapa.

"Nikapeleka pakiti iliyofuata nikijua inaenda kugawanywa," anasema. "Njia ni ile ile, lakini siku hiyo nilihisi kama naenda Mombasa."

Safari iliyofuata alimkuta Kalekye kitandani, uso umechubuka, maneno yakimtoka kwa shida. Kasiva hakumaliza salamu. Alisimama palepale akampigia Mumbua simu, wazee wote wawili wakimsikia.

"Dada, dawa unayonunua inamezwa na watu wawili. Mama yako ameanguka. Njoo."

Mumbua alikuja na gari la kukodi, akawapakia wazazi wote mchana kweupe, majirani wakitazama kutoka kwenye ua. Daktari alimpa kila mmoja dawa zake. Kalekye alirudi kusema sawasawa, na presha yake imetulia. Mzee naye alirudi na pakiti yenye jina lake, akaacha kiti chake cha mbele kanisani. Siku hizi haendi kabisa. Mchungaji amekuja mara mbili kumjulia hali, na hakugusia ushuhuda wala dawa. Mara zote mbili mzee alijifanya amelala.

Kwa sababu hiyo, Kasiva sasa ana swali lake la kila nyumba. "Namwuliza yule asiye na pakiti: na wewe je, unaumwa na nini? Nataka duka lianze kuuliza hivyo kabla ya kufunga dawa ya kwanza. Nikishaona hilo limekuwa kawaida, nitakaa chini nipumzishe mgongo."

Mzee Musyoka anatoka, amejifunga koti licha ya joto.

"Watu wa njiani wameiona?"

"Imefungwa, Umau. Wakiuliza nitasema ni mbegu za ndengu."

"Mbegu, na ukame huu? Hata kudanganya hujui." Anataka kucheka, anajizuia. Hamkaribishi kiti, kama ambavyo hajamkaribisha tangu siku ya simu ile. "Uliapa ndani ya nyumba hii, Kasiva. Sema tu umekosa. Sema, na mimi Jumapili nitavaa viatu niende kanisani."

Kalekye anaacha mwiko ndani ya sufuria na kuja mlangoni pa jikoni. "Mwambie tu," anasema kwa sauti ya chini. "Ni neno moja."

Kasiva anamtazama Kalekye, aliyesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Anachukua pakiti ya mzee, anaiweka kando ya ile nyingine, juu ya kiti kimoja.

"Nakuombea urudi kanisani, Umau, na hata leo naweza kukupeleka kwa mchungaji na pikipiki hii. Lakini leo ni yako, na ya Susu ni leo pia. Kwa hilo siombi msamaha. Hata kesho sitaomba."