Nyumba ya Katekista

Harufu ya nta inayoyeyuka hunirudisha Mwese nilikokulia, hata kama nimekaa hapa Nsemulwa na miguu yangu mibovu. Juzi mjukuu wangu Leokadia alikuwa jikoni anayeyusha nta ya kutengenezea mafuta ya kujipaka, huku mkono mwingine ananionyesha matundu ya ndege kwenye simu. Rafiki yake amemwahidi kasuku. Anauliza, bibi, lipi zuri, hili la duara au hili lenye ghorofa? Mimi nilishafika mbali. Nikamwambia weka simu chini nikueleze, na nyie mnaosoma sogeeni.

Baba yangu alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga alichonga mwenyewe kwa magogo, akaipaka nta ndani ili nyuki waipende, ndipo akaipandisha mitini. Siku moja akarudi kutoka porini na ndoo ya asali, na ndani ya kofia yake mna kinda la kasuku, karibu uchi, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Akasema limeanguka, akanipa, akaenda kunawa. Nilikuwa na miaka minane hivi. Nasema hivi kwa sababu mama alihesabu umri wetu kwa mavuno, na mavuno mengine hakutaka hata kuyakumbuka. Furaha niliyopata siku ile, hata siku ya harusi yangu sikuifikia, na marehemu mume wangu nilimwambia hivyo hivyo.

Nilimtafunia mahindi nikamlisha. Akaota manyoya ya kahawia na kijani, mabegani njano. Tukamwita Katekista, maana tukianza sala ya jioni na yeye anaanza, na huwezi kumaliza kabla yake.

Shida ikaja kwenye mbegu. Enzi hizo mahindi ya mbegu tuliyaning'iniza juu ya moto, yapate moshi wadudu wasiyaguse. Katekista akajifunza kupanda kamba. Asubuhi moja tukakuta magunzi mawili matupu. Baba alikuwa anafunga mzigo wa safari ya mizinga. Hakupandisha sauti.

"Narudi Jumamosi. Nikimkuta hana tundu, anarudi porini. Ile mbegu ndiyo chakula chetu cha mwakani."

Porini, na hata kuruka hajajua vizuri! Mwewe angemmaliza kabla ya saa sita.

Mama akaniazima tenga la kubebea kuku. Nikamweka, nikalala kwa raha. Asubuhi fito zimetafunwa vipande vipande, na mwenyewe yuko juu ya mbegu, ananisalimia.

Ndipo nikaukumbuka mgono. Mjomba anayekaa Mpimbwe alikuwa amekuja kututembelea na samaki wakavu, akaja na huo mtego wake wa kuvulia. Samaki akishaingia mgono hatoki. Nikacheza kwa furaha peke yangu pale uani. Katekista akafuata karanga mpaka ndani, nami nikaenda kisimani naimba. Niliporudi, vifaranga saba wamo ndani ya mgono wanagombea karanga, Katekista kajibana juu anapiga kelele, na mama yao anazunguka nje kama kichaa. Nilifikiria anayetoka, anayeingia sikumfikiria. Mama aliukata mgono kwa panga huku anacheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakucheka.

Ikafika Ijumaa. Nyuma ya jiko kulikuwa na mzinga mpya, umepakwa nta, unasubiri kupandishwa. Tulikatazwa hata kuugusa. Nikafungua mfuniko nichungulie tu, Katekista akashuka begani kwangu akaingia mwenyewe, akatulia kimya. Nikafunika haraka. Baadaye nikasikia kra, kra, kra. Alikuwa anatafuna katundu ka kupitia nyuki. Kufika Jumamosi kichwa kizima kiko nje.

Baba akaja. Nikasimama mbele ya mzinga, mikono nimeitanua.

"Nani amemwingiza humo?"

"Ameingia mwenyewe, baba."

Akachuchumaa. Katekista akamtazama kwa jicho moja. Baba akachomoa kisu, nami nikamshika mkono. Hakunisukuma. Akaanza kuchonga lile tundu, akalipanua mpaka ndege anapita.

"Baba, atatoka."

"Atoke. Nyumba ya huyu niliiangusha mimi."

Akaupandisha mzinga kwenye mninga nyuma ya jiko. Halafu akapukuchua mbegu, akazichanganya na majivu, akazifungia kwenye debe. Mama akasema siku nne tunahangaika na ndege, kumbe wa kufungiwa ni mahindi.

Katekista alijifunza kuruka akitokea pale. Mchana porini, jioni nyumbani, kwenye sala hakosi. Mimi nikawatambia wenzangu kwamba baba ana nguvu, anaangusha mpaka nyumba.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo nilipofuatana na mume wangu kurina asali, akakata mti wenye mashimo mawili. La chini lilikuwa na asali. La juu lilikuwa na manyoya ya kijani. Nikakaa chini pale pale, nikamkumbuka baba alivyosema limeanguka na kwenda kunawa upesi.

Leokadia akauliza, sasa bibi, nichukue lipi? Nikamwambia muulize kwanza huyo rafiki yako, mti wa kasuku wake uko wapi. Akaitazama simu mpaka nta ikafurikia motoni.